Je, Wajua? Maajabu ya Kioo cha Kompyuta, Kutoka Makambako Hadi Njombe

Makambako ndipo barabara inapogawana: ukienda mbele ni Mbeya na Zambia, ukikata kushoto ni Njombe na Songea. Mizigo ya Kariakoo ikifika hapo, sehemu yake hukata kushoto, na humo huwamo vioo vya kompyuta. Vingine ni vipya kwenye maboksi, vingine ni vya mtumba vilivyozungushiwa nailoni, vyote vikielekea kwenye stesheneri, shule na ofisi. Kila ninapozidi kusoma habari za vioo hivi nazidi kushangaa. Anayetafuta monita ya kununua atapata humu la kumfaa dukani, na asiyetafuta atapata la kuwasimulia wenzake.

Safari ilianzia kwenye karoti

Mwaka 1888, mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer alikuwa Prague akichunguza kemikali iliyotokana na karoti. Alipoipasha moto hadi nyuzi joto 145.5 iliyeyuka, lakini ikawa uji wenye ukungu. Akaongeza moto, na ilipofika nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka, uji ukawa mwangavu kabisa. Kitu kimoja, viwango viwili vya kuyeyuka! Akamwandikia mwanafizikia Mjerumani Otto Lehmann, naye akabaini kwamba ule uji ulitiririka huku chembe zake zikiwa zimejipanga kwa utaratibu wa fuwele. Ndiyo fuwele kimiminika, na leo imo ndani ya karibu kila monita bapa unayoiona dukani.

Iliwachukua watu miaka 80 kuipatia kazi. Mwaka 1968, timu ya George Heilmeier katika kampuni ya RCA ya Marekani ilionyesha hadharani kioo kinachotumia fuwele hizo. Miaka miwili baadaye, Martin Schadt na Wolfgang Helfrich walivumbua njia ya kuzisokota na kuzisokotoa kwa umeme mdogo sana, njia iliyotawala vioo kwa miongo iliyofuata. Nao walikuwa wameajiriwa wapi? Hoffmann-La Roche ya Uswisi, kampuni ya kutengeneza dawa za binadamu.

Inchi 19 inaweza kuwa kubwa kuliko inchi 19

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linaweza kukuokolea hela leo hii. Inchi zilizoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa mshazari, kutoka kona hadi kona ya sehemu inayowaka. Hazisemi lolote kuhusu umbo la kioo. Chukua monita ya mtumba ya inchi 19 yenye umbo linalokaribia mraba, zile ambazo ofisi za Ulaya na Marekani zilizitumia miaka ya 2000. Upana wake ni sentimita 37.7 na kimo sentimita 30.1. Sasa chukua mpya ya inchi 19 iliyo pana: upana sentimita 42, kimo sentimita 23.7 tu. Piga hesabu ya eneo, na utaona ile kuukuu inaizidi mpya kwa asilimia 14.

Kwa mtu wa stesheneri, kimo ndicho chenye maana zaidi. Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7. Kwenye ile monita ya mraba, ukurasa mzima wa barua au mtihani unaenea kwa ukubwa wake halisi. Kwenye ile pana, sentimita 6 za ukurasa zinabaki nje, na utashinda siku nzima ukipandisha na kushusha. Ukitaka kioo kipana kinachomeza A4 nzima, anza na inchi 24: kimo chake ni sentimita 29.9, na upana wa sentimita 53 unatosha kurasa mbili zikiwa zimekaa ubavu kwa ubavu. Nenda dukani na futi ya fundi cherehani. Usione haya kupima.

Nukta ni nyingi kuliko wakazi wa mkoa

Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia Mkoa wa Njombe watu 889,946. Monita ya kawaida ya leo, ile ya 1920 kwa 1080, ina nukta 2,073,600. Kila mkazi wa mkoa, kuanzia Makete hadi Ludewa, angeweza kukabidhiwa nukta mbili na nyingine zikabaki. Kwa kioo cha 4K, chenye nukta 8,294,400, kila mmoja angepata tisa.

Tena kila nukta ina vijisehemu vitatu: chekundu, kijani na cha bluu. Unaweza kuviona bila darubini. Fungua ukurasa mweupe, lowesha ncha ya kidole, kisha gusa kioo taratibu ili kibaki kitone kidogo sana cha maji. Kile kitone kitakuza kilicho chini yake, na weupe uliokuwa unautazama utasambaratika kuwa vitone vya rangi tatu. Hakuna cheupe hata kimoja. Ukishashangaa, futa kwa kitambaa laini.

Kioo kikikua, maandishi yanaweza kuharibika

Monita ya inchi 27 ina eneo kubwa kuliko ya inchi 24 kwa zaidi ya robo. Lakini ikiwa zote mbili ni za 1920 kwa 1080, idadi ya nukta ni ileile, sasa imetawanywa kwenye shamba kubwa zaidi. Ya inchi 24 ina nukta 92 katika kila inchi, na ya inchi 27 inashuka hadi 82. Kwa filamu hutaona tofauti kubwa. Kwa mtu anayechapa maandishi madogo kuanzia asubuhi, kingo za herufi zinaanza kuonekana zimeparuzika. Inchi 27 inapendeza ikiwa na 2560 kwa 1440, kwa sababu hapo nukta zinapanda hadi 109 kwa inchi.

Monita ya LED bado ni ya fuwele

Muuzaji anaposema "hii ni LED", anazungumzia taa iliyo nyuma tu. Mbele yake kuna fuwele zilezile za Reinitzer, zikifanya kazi ya pazia: zinafungua au kuzuia mwanga, zenyewe haziwaki. Ndiyo maana weusi wa monita hizi si weusi kamili, kwani taa iko nyuma na kidogo hupenya. Vioo hivi vina aina zake: ya IPS kwa kawaida ina mwanga mweupe unaouzidi weusi mara 1,000 hivi, na ya VA mara 3,000 au zaidi. Zima taa za chumba, weka picha nyeusi, na utauona ule mwanga unaovuja pembeni.

Taa yenyewe ina historia tamu. LED nyekundu ilipatikana mwaka 1962, lakini ya bluu yenye mwanga mkali ilisumbua dunia kwa miaka 30 zaidi, na bila ya bluu huwezi kupata nyeupe. Wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani walioifungua njia hiyo, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Monita bapa za zamani zilitumia vijiti vyembamba vya mwanga vyenye zebaki ndani yake, ambavyo vikizeeka hufifia na kuonyesha umanjano. Ukikuta monita ya mtumba ambayo nyeupe yake imekuwa rangi ya chai ya maziwa, sababu ni hiyo.

Miwani inaweza kuizima

Vaa miwani ya jua ya aina inayokata mng'ao, wanayoipenda madereva na wavuvi, kisha tazama monita huku ukiinamisha kichwa polepole upande mmoja. Kuna pembe ambayo kioo kizima kitageuka cheusi, na taa haijazimwa. Mwanga unaotoka kwenye fuwele husafiri umelala upande mmoja tu, na miwani hiyo hupitisha ulio upande mwingine.

Nyuma kuna picha ya mlima

Geuza monita au adapta yake iliyotengenezwa China utazame kibandiko. Kwenye baadhi utaona alama ndogo ya mlima, au maneno ya Kichina yenye namba 2000 na herufi m. Maana yake: usalama wa kifaa umepimwa kwa matumizi ya chini ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. China iliweka sharti hilo kwenye kiwango chake cha mwaka 2011, kwa sababu ina watu wengi wanaoishi juu sana, kama vile Lhasa huko Tibet, ulio karibu mita 3,650.

Mlima unaingiliaje mambo ya umeme? Hewa nayo ni kizuizi cha umeme. Kadiri unavyopanda inakuwa nyepesi, na cheche inaruka kirahisi zaidi kati ya waya mmoja na mwingine. Ili kifaa kihesabiwe salama hadi mita 5,000, nafasi kati ya sehemu zake zenye umeme huzidishwa kwa 1.48. Makambako uko chini ya mstari wa mita 2,000, na mji wa Njombe umekaa jirani nao kabisa. Wilayani Makete, kwenye uwanda wa Kitulo, watu na ng'ombe wako mita 2,600 hivi. Kwa hiyo huu ni mkoa ambao kibandiko hicho kina la kuwaambia watu. Kampuni nyingi kubwa huandika kwenye maelezo ya bidhaa kiwango cha juu cha mita 5,000; kwa shule ya Makete, huo ndio mstari wa kuutafuta kabla ya kulipa.

Baridi huzichelewesha fuwele

Fuwele kimiminika huwa nzito kadiri baridi inavyozidi, na picha inayokimbia huacha kivuli nyuma yake. Monita nyingi za ofisini zimeandikiwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 40, kwa hiyo baridi ya Juni na Julai ya Njombe haiziui. Hatari kubwa ni umande. Kifaa kilicholala usiku kwenye lori la baridi kikiingizwa ghafla kwenye chumba chenye watu na jiko la mkaa, unyevu hujikusanya ndani yake, sawa na unavyojikusanya juu ya miwani. Kiache kipumzike kwa saa kadhaa kabla ya kukichomeka.

Chogo lilibeba umeme mkali kuliko nguzo ya mtaani

Monita ya chogo, ile nene ya zamani, ni mjukuu wa kifaa alichobuni Karl Ferdinand Braun huko Strasbourg mwaka 1897. Ndani yake bunduki ya elektroni hupiga kioo kutoka nyuma, na ili elektroni zifike kwa kasi ya kutosha, chogo la rangi la inchi 17 huhitaji volti zaidi ya 20,000. Baadhi ya nyaya za TANESCO zinazopita mitaani kabla ya kufika kwenye transfoma hubeba volti 11,000. Chogo huweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya kuchomolewa ukutani, na kioo chake kina risasi, ile metali nzito. Lililokufa apelekewe fundi anayelijua. Watoto wasipewe walifungue.

Uniti moja, siku sita

Monita ya LED ya inchi 24 hula takriban wati 20. Ukiiwasha saa 8 kwa siku, uniti moja ya Luku inaikimu siku sita. Chogo la wati 80 linaimaliza uniti hiyo kabla ya siku ya pili kuisha. Sehemu kubwa ya umeme huliwa na ile taa ya nyuma, kwa hiyo ukipunguza mwangaza kutoka kwenye kitufe unapunguza na bili. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mwangaza mkali kuliko chumba kinavyohitaji.

Ile ya Tokyo inawaka Makambako

Japani inatumia volti 100, Tanzania 230. Monita nyingi za kisasa zimeandikwa 100-240V, maana yake zinajirekebisha zenyewe bila transfoma. Printa kubwa za leza kutoka Marekani mara nyingi hazina uwezo huo. Soma kibandiko kwanza, mkono uende swichi baadaye.

Milioni 16.7 ni bora kuliko milioni 16.2

Tofauti ya namba hizi mbili inaonekana ndogo, lakini inaweza kufichua kilichomo. Rangi milioni 16.7 hutokana na kila kijisehemu cha nukta kuwa na ngazi 256 za mwanga: 256 mara 256 mara 256. Ikiandikwa milioni 16.2, mara nyingi kioo chenyewe kina ngazi 64 tu, sawa na rangi 262,144, na zilizobaki zinapatikana kwa kupepesa ngazi mbili za jirani haraka hadi jicho lichanganye. Kwa kuchapa risiti, haijalishi kabisa. Anayesafisha picha za harusi au za pasipoti alitafute hilo la 16.7.

Plagi ya 1987 haijastaafu

Ile plagi ya bluu yenye pini 15, VGA, ilitoka na kompyuta za IBM mwaka 1987, ikiwa imekusudiwa kioo cha 640 kwa 480, yaani nukta 307,200. Leo, kwenye kompyuta za mtumba, tundu hilohilo linapitisha nukta karibu mara saba ya hizo. Lina udhaifu mmoja: picha husafiri kwa mawimbi, na waya mrefu au duni huipa kila herufi kivuli chembamba upande wa kulia. HDMI ilikuja mwaka 2002, DisplayPort 2006, na zote mbili hupeleka namba tupu, hivyo kivuli hicho hakipo. Kama monita yako ina tundu zote, acha ya bluu ipumzike.

Nukta mfu ina sheria zake

Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 9241-307, kinachoeleza nukta ngapi mbovu zinaruhusiwa. Katika daraja la pili, wanalolifuata watengenezaji wengi, kwa kila nukta milioni moja zinaruhusiwa mbili zinazowaka daima na mbili zisizowaka kabisa, mbali na vijisehemu. Kwa monita ya 1920 kwa 1080 hiyo ni nne na nne. Kwa hiyo unaweza kuirudisha yenye tatu na ukaambiwa haina kasoro! Dawa ni kuomba iwashwe palepale dukani: ukurasa mweupe mtupu kwanza, kisha mweusi, na macho yatembee kona hadi kona. Ukiwa hapo, chuchumaa uitazame kutoka chini. Aina ya TN itageuza rangi, na nyuso kwenye picha zitakuwa na giza, ilhali ya IPS itabaki ilivyo.

Mara 60 kwa sekunde

Filamu ya sinema hupita picha 24 kwa sekunde. Monita ya kawaida huchora upya mara 60, yaani kila baada ya milisekunde 16.7, na zile za wacheza gemu mara 144 au zaidi. Kwa barua na mahesabu, 60 zinatosha.

Kuna miaka kompyuta zilipigwa marufuku

Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, reli ya TAZARA ikiwa bado inajengwa, Serikali ilizuia kuingiza kompyuta na televisheni nchini bila kibali maalumu. Zuio lililegezwa taratibu, na televisheni ya Tanzania Bara ikasubiri hadi 1994. Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, Zanzibar ilikuwa imeshafungua televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kijana wa Makambako anayefungua duka la kompyuta leo ana wazazi waliokua bila kuona kioo cha aina yoyote kikiwaka ndani ya nyumba.

Kioo cha zamani kilisimama wima

Xerox Alto ya mwaka 1973, mojawapo ya kompyuta za mwanzo kutumia kipanya na madirisha, ilikuwa na kioo kirefu kuliko upana, nukta 606 kwa 808, kwa sababu wabunifu wake waliiwazia karatasi. Monita yenye shingo inayozunguka inaweza kurudi huko: igeuze wima, badilisha mpangilio kwenye kompyuta, na sheria, mikataba au hesabu ndefu zinakaa bila kukatika.

Mashimo manne yanayoelewana dunia nzima

Nyuma ya monita nyingi kuna mashimo manne yaliyopangwa mraba wa milimita 100 kwa 100, au 75 kwa 75 kwa zile ndogo. Ni kiwango cha VESA, jumuiya ya watengenezaji iliyoanza mwaka 1989, na kampuni zinazogombania wateja kila siku zimekubaliana kwenye vipimo hivyo na kwenye skrubu yake, M4. Kwa hiyo monita ya mtumba iliyokuja bila mguu haijapoteza kitu. Njombe ni mkoa wa mbao. Seremala yeyote akipewa vipimo hivyo, kipande cha msonobari na skrubu nne, anaweza kutengeneza stendi itakayopandisha ukingo wa juu wa kioo hadi usawa wa macho ya mchapaji, na monita ijayo, ya kampuni nyingine kabisa, itakaa kwenye stendi ileile.